Kisanduku kidogo, nyota kubwa

Kazi zilinibana, lakini leo lazima niseme jambo.

Setilaiti yetu ya Taifa-1 iliporushwa Aprili 2023, rafiki yangu mmoja alicheka sana. "Hicho kisanduku kitaona nini?" Nilikosa jibu. Sasa ninalo.

Kuna mradi unaitwa BRITE, wa Austria, Poland na Kanada. Mwaka 2013 na 2014 walirusha setilaiti sita. Moja haikuachana na roketi, tano zikafanya kazi. Kila moja ni mchemraba wa sentimita 20, uzito kama kilo 7, na darubini yake ina upana wa sentimita 3 tu! Kazi yao ilikuwa kupima mwanga wa nyota angavu, hasa zile kubwa zenye joto kali, kwa miezi mfululizo.

Kwa nini angani? Huku chini hewa hutikisa mwanga, na mchana nyota hazionekani. Wanaprogramu mtanielewa: logi ya seva ikikatika kila siku kwa saa kumi na mbili, utajuaje hitilafu inajirudia kila baada ya muda gani? Tena nyota angavu huzidi nguvu darubini kubwa, kama kamera ya simu ukiielekeza kwenye jua. Hapo udogo ni faida.

Walipata nini? Nyota Zeta Puppis ina joto la nyuzi 40,000 hivi usoni (Jua letu ni kama 5,500). BRITE ilionyesha mwanga wake ukipanda na kushuka kila siku 1.78, kwa sababu ina mabaka angavu yanayozunguka nayo. Nyota nyingine hutetemeka, na mtetemo huo hueleza yaliyo ndani, kama unavyogonga tikiti maji sokoni kabla ya kulinunua. Na hizi si habari za mbali: oksijeni nyingi tunayovuta ilipikwa ndani ya nyota kubwa kama hizo, zikalipuka.

Maoni yangu ni haya: tusione aibu kwa udogo wa chombo, tuone aibu tukikosa swali. BRITE walichagua swali linalotosha sentimita 3. Na wakati tunasubiri setilaiti yetu ya nyota, data za TESS, iliyorushwa na NASA mwaka 2018, zinapatikana bure kwenye intaneti. Mwanafunzi mwenye laptopu na Python anaweza kuanza leo usiku. Vyuo vyetu vinangoja nini?

Nyinyi mnasemaje?