Desemba 26 Iwe Siku ya Kuijua Bahari

Ndugu zetu Wakristo wamalizapo ibada na karamu ya Krismasi, kalenda ya Serikali hutupa sote, bila ya kubagua dini, siku moja zaidi ya mapumziko. Siku hiyo ni Desemba 26. Afisi hufungwa, skuli huwa likizoni, kaskazi inavuma, na masoko yamejaa embe na shokishoki. Basi si ajabu kuona familia nzima nzima, na vyungu vyao vya pilau, zikielekea pwani.

Hatuna ugomvi na furaha hiyo. Mfanyakazi aliyetoa jasho mwaka mzima anastahili kupumzika pamoja na wanawe. Lakini mapumziko yaliyo bora ni yale yanayomrudisha mtu nyumbani akiwa na faida ambayo hakuondoka nayo asubuhi. Kwa sisi watu wa visiwani, tunaona faida hiyo iwe ni elimu ya bahari.

Tarehe yenyewe ina ukumbusho mzito. Desemba 26, 2004, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, nchini Indonesia. Mawimbi yaliyozuka, ambayo huitwa sunami, yaliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi 14. Yaliivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Afrika Mashariki siku hiyo hiyo. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Nchini Tanzania walikufa watu wapatao 10, wengi wao wakiogelea. Nchini Kenya habari ziliwahi kufika, watu wakaondolewa pwani, na aliyekufa akawa mtu mmoja.

Lililotuvutia zaidi ni habari ya Simeulue, kisiwa kilichokuwa jirani kabisa na chimbuko la tetemeko hilo. Kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa kwa mawimbi ni 7 tu. Watu hao hawakuokolewa na mitambo. Waliokolewa na hadithi. Bahari iliwahi kuwapiga wazee wao mwaka 1907, na tangu hapo kila mtoto alisimuliwa kwamba ardhi ikitetemeka kwa nguvu na maji yakatoka ghafla, asishuke kuokota samaki, bali akimbilie mlimani.

Je, watoto wetu tunawasimulia nini? Wapo walio umbali wa mwendo mfupi tu kutoka ufukweni wasiojua kutofautisha bamvua na maji mafu. Ilhali asiyejua wakati wa maji kupwa kwa desturi yake, hawezi kushtuka yakipwa wakati usio wake. Wapo pia wakulima wa mwani wanaoshinda majini bila ya kujua kuogelea. Sunami huja mara chache mno. Mkondo wa maji, mtumbwi mbovu na mchezo wa watoto wasio na mwangalizi ni hatari za kila siku.

Kwa hiyo tunapendekeza siku hii itumike hivi. Maji yakiwa yametoka, wazee wawaongoze vijana kutembea mwambani, wawaonyeshe mkondo ulipo na mahali maji yanapoanza kuwazunguka watu. Akina mama wanaochokoa pweza wanayajua hayo kuliko vitabu, nao wapewe heshima ya kuwa walimu. Watoto wafunzwe kuogelea na kuelea penye maji madogo, chini ya macho ya mtu mzima, wavulana na wasichana pia. Stara haizuii elimu hiyo. Mavazi ya heshima na mahali pa faragha vinatosha. Jioni yafanywe mashindano ya ngalawa, na kabla ya kuondoka kila familia iokote taka zake na za jirani yake. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi.

Wananchi wakifanya yao, viongozi nao wana yao. Masheha wajue pwani zipi katika shehia zao zitajaa watu, na wawepo waogeleaji hodari wa kuziangalia. Wakuu wa bandari na madiko wahakikishe kuwa hakuna chombo kinachong'oa nanga kikiwa na abiria kuliko kiwango chake, hata kama umma unalalamika kuachwa. Hatujasahau Septemba 10, 2011, muda mfupi baada ya Idi el Fitri, pale mv Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba ikiwa imepakia kupita kiasi. Msiba ule haukuletwa na mawimbi ya Sumatra. Uliletwa na sisi wanaadamu, na mwenye kuweza kuuzuia alikuwa yeyote ambaye angethubutu kusema kuwa chombo kimejaa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Bahari ndiyo inayotulisha, na pia ndiyo inayotusafirisha. Tuiendee Desemba 26 kwa furaha, tule, tucheze, tuogelee. Lakini jua linapotua, kila mzazi ajiulize jambo moja: mwanangu amejifunza nini leo kitakachomrudisha nyumbani salama siku nitakapokuwa sipo naye?