Jibu sahihi halitoshi: Exetat na akili ya mtoto

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yanapotangazwa, tunaimba, tunapakana poda na tunamshukuru Mungu. Furaha hiyo ni halali. Lakini sisi tunaoongoza shule za Kiprotestanti, tukiwa washirika wa Serikali tangu mapatano ya 1977, tunapaswa kujiuliza: diploma ile inatuambia nini juu ya namna mtoto anavyofikiri?

Mtihani huu ulianza mwaka 1967. Mbali na insha na kazi za vitendo zinazotangulia, sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu, yanayosahihishwa kwa mashine. Njia hii ina faida: mtoto wa Uvira na wa Kinshasa wanapimwa kwa kipimo kimoja, na mashine haipokei rushwa. Hata hivyo, mashine huona jibu tu. Haioni njia.

Tuchukue mfano. Gari linapanda mlima kilometa 60 kwa mwendo wa kilometa 20 kwa saa, kisha linarudi njia ileile kwa kilometa 60 kwa saa. Mwendo wake wa wastani ni upi? Wengi watajibu 40. Jibu ni 30, maana kilometa 120 zimechukua saa 4. Aliyebahatisha 30 anapata pointi sawa na aliyeelewa. Aliyefikiri vizuri lakini akateleza katika kugawanya anapata sifuri, sawa na asiyejua kitu.

Programu mpya za sayansi za mwaka wa 7 na wa 8 zinamwomba mwalimu aanze na hali halisi ya maisha. Ni jambo jema. Lakini mwalimu hufundisha kile kitakachoulizwa. Na tangu shule ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Mwalimu aliyechoka hupenda maswali yanayosahihishwa upesi.

Hatuwezi kubadilisha Exetat sisi wenyewe. Lakini majaribio ya kila juma yako mikononi mwetu. Tunawaomba maprefe, wakurugenzi na walimu waweke swali moja tu la kueleza katika kila jaribio: "Mwenzako amejibu 40. Amekosea wapi?" Mistari mitatu inatosha. Pointi nyingi ziende kwa njia, moja kwa jibu. Katika sayansi, tuulize: "Utajuaje kama ni upepo au jua linalokausha nguo?" Mtoto atakayeanika vitambaa viwili vilivyo sawa kivulini, kimoja penye upepo na kingine pasipo na upepo, ameanza kufikiri kisayansi, hata kama shule yake haina maabara.

Hili si jambo dogo. Mtoto huyu kesho atakuwa muuguzi anayepima dawa ya mtoto mchanga, au fundi anayejenga daraja. Huko hakuna majibu ya kuchagua, na kosa huleta msiba.

Mtume Petro aliwataka waamini wawe tayari kueleza sababu ya tumaini lao kwa yeyote anayeuliza. Kanisa linalofundisha hivyo juu ya imani lisiogope kumwuliza mwanafunzi wake juu ya hesabu: "Kwa nini?" Kisha limpe nafasi ya kujibu.