Nusu ya Ada ni Nusu ya Nini?

Baada ya Misa ya Dominika moja, baba wa familia alinifuata sakristia akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumdahili mwanawe katika chuo kikuu cha umma cha nchi ya nje, na maneno yaliyopigiwa mstari: mwanafunzi amesamehewa nusu ya ada. "Baba Padre," akaniambia, "nimekwisha kumpata mnunuzi wa shamba la bondeni." Shamba hilo ndilo linaloilisha nyumba yake mahindi na mpunga.

Nilimwuliza swali moja tu: nusu ya nini? Mzee hakuwa na jibu, wala barua haikulitoa.

Ndugu waamini, chuo kikuu cha umma huwa na bei mbili. Mwenyeji hulipa kidogo kwa sababu kodi ya wazazi wake imekwisha kulipia sehemu kubwa ya majengo na mishahara ya walimu. Mgeni, ambaye wazazi wake hawakutoa kodi hiyo, hudaiwa ada kubwa zaidi, na mara nyingi kwa dola. Marekani, mtoto akivuka kwenda chuo cha umma cha jimbo jingine hutozwa kama mgeni, ingawa ni raia wa taifa lilelile. Ndiyo maana majimbo ya magharibi ya nchi hiyo yalifanya mapatano katika miaka ya 1980, kwamba katika vyuo vinavyoshiriki, mwanafunzi wa jimbo jirani asilipe zaidi ya mara moja na nusu ya ada ya mwenyeji. Angalieni kipimo chao: wameanza na ada ya mwenyeji, ambayo kila mtu anaijua.

Barua ya mzee wetu ilianza na ada ya mgeni. Tuseme ada hiyo ni dola 4,000 kwa mwaka. Nusu yake ni dola 2,000, na dola moja ikihesabiwa shilingi 2,500, zinabaki shilingi milioni 5. Hapa nchini, ada ya mwananchi katika programu nyingi za vyuo vikuu vya umma ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 hivi kwa mwaka. Basi aliyesamehewa nusu ugenini atalipa zaidi ya mara tatu ya yule ambaye nyumbani hakusamehewa hata senti. Tena hapo hatujataja nauli, viza, bima ya afya, chumba na chakula, mambo ambayo msamaha wa ada hauyagusi. Na misamaha mingi huwa na sharti la alama: kijana akiteleza mwaka wa pili, ada yote inarudi, na shamba limekwisha kuuzwa.

Sisemi kwamba kusoma nje ni kosa. Mimi mwenyewe nililelewa seminarini kwa sadaka za watu, kwa hiyo si haki yangu kumcheka mzazi anayehangaikia ada. Lawama yangu iko kwingine.

Kuanzia 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kijana wa Korogwe aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, wa udaktari Makerere, na Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Chuo kilipogawanywa, kila nchi ikabaki na chake. Baadaye viongozi wetu walijaribu kuupunguza ukuta huo. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa saini Blantyre mwaka 1997, iliahidi kwamba baada ya miaka kumi wanafunzi wa nchi wanachama watatendewa kama wenyeji katika ada na malazi. Mei 2017, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ni maneno mazuri. Lakini mzazi wa Magoma atajuaje ni chuo gani kinachoyatekeleza, wakati hakuna anayembandikia orodha hiyo hata kwenye ofisi ya kata?

Zaidi ya hayo, mkopo wa serikali hauvuki mpaka pamoja na kijana. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe amedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa hapa nchini. Fedha ni kidogo na waombaji ni wengi, naielewa hoja hiyo. Hata hivyo, kama tumetangaza eneo moja la elimu, yatupasa kuwauliza wabunge wetu kwa nini mkopo usimfuate mtoto wa maskini hadi Nairobi au Kampala, kwa kiasi kilekile ambacho angepewa Dodoma. Kwa sasa, wanaovuka ni watoto wa wenye nacho na watoto wa waliouza mashamba.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, barua kama hizi zikiwafikia, zileteni zisomwe kabla mnunuzi hajaleta fedha. Tutaandika chuoni kuuliza mambo matatu: ada ya mwenyeji ni kiasi gani, msamaha unadumu miaka mingapi, na unapotea kwa sababu gani. Barua ya mzee wetu bado iko mezani pangu. Tumekwisha kuandika, na mnunuzi ameambiwa asubiri.