Thabeet hakuwa peke yake

Ndugu mwandishi, Hasheem Thabeet umemsifu kwa haki, lakini timu ya kikapu ya chuo cha UConn ya 2008/09 haikuwa ya mtu mmoja. Kijana wetu wa Makongo, mita 2.21, alizuia mitupo zaidi ya 4 kwa mechi. Wapinzani walikuwa wakiingia ndani wanasita. Ila mpira uliendeshwa na A.J. Price, na Jeff Adrien ndiye aliyebeba kazi ya misuli.

Tazama tena mechi dhidi ya Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20 hivi, alimtangulia kuweka nyonga, akamsukuma hadi nje ya eneo, akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Ndiyo maana makocha wa huku Mvumi nawasihi: kijana mrefu ajengwe miguu kwanza, asisimamishwe tu chini ya kikapu kama mnazi.

Msimu, kwa maoni yangu, uliharibika Februari goti la mlinzi wao Jerome Dyson lilipoumia. Kemba Walker alikuwa bado mwaka wa kwanza, kasi anayo, mtupo wa mbali haujatulia. Michigan State wakawatoa UConn nusu fainali ya vyuo 82-73, tena Detroit, mbele ya mashabiki wao. Dyson angekuwa mzima, fainali walikuwa wanaingia.