Makaa Si Samadi

Mkulima wa makazi ya Bura, au mwenye shamba la kando ya Mto Tana hapo Garissa, hana haja ya kuelezwa mathenge ni mti gani. Uliletwa katika sehemu zetu katika miaka ya 1980 ili tupate kuni na kivuli, nao ukaingia mifereji, ukaingia malisho, ukaingia hata mashamba yaliyolazwa msimu mmoja tu. Sasa watu huukata na kuuchoma makaa. Makaa makubwa huuzwa, na chenga na vumbi hubaki penye tanuri.

Limekuja shauri kwamba chenga hizo zitiwe shambani ili kuurekebisha udongo. Wataalamu huyaita makaa ya namna hii bayochaa. Shauri hilo nalikubali. Nisilolikubali ni desturi ya kumwonyesha mkulima karatasi ya maabara yenye tarakimu moja kubwa, iliyoandikwa “mboji”, na kumwambia kwamba akiisha kutia makaa hana haja tena ya samadi. Mkulima akiamini hivyo, mahindi yake yatakuwa manjano kabla hayajafika magotini, na fedha ya gunia imekwenda.

Sababu ni hii. Mboji ya samadi ni mabaki ya majani na mavi ya mifugo. Vijidudu vya udongo huila, na katika kuila huachilia nitrojeni na fosforasi, ambazo mmea huzichukua. Makaa yaliyoiva vizuri hayaliwi hivyo. Hukaa udongoni miaka mingi sana, hata mamia ya miaka, na kazi yake ni kushika maji na chakula cha mmea katika vitundu vyake. Basi makaa ni ghala, na ghala lisilotiwa kitu halimshibishi mtu. Tena makaa yaliyochomwa nusu nusu yana hatari yake, kwa kuwa sehemu isiyoiva huliwa na vijidudu upesi, na vijidudu hivyo huichukua nitrojeni ya udongo wakati mmea unapoihitaji.

Sasa tazama maabara inavyopima. Njia moja ni ya tanuri: udongo mkavu hupimwa uzito, huchomwa kwa moto wa kama digrii 550, kisha hupimwa tena, na uzito uliopotea huitwa mboji. Lakini tanuri halibagui. Mavi ya mbuzi huungua, na makaa huungua vilevile. Hata udongo wa mfinyanzi, kama ule mweusi wa Bura, hupoteza maji yaliyojificha ndani yake, nayo yakahesabiwa kuwa mboji.

Njia ya pili iliandikwa na mabwana Walkley na Black huko Uingereza mwaka wa 1934. Hutumia dikromati na asidi kali. Dawa hiyo huila mboji ya samadi vizuri kiasi, bali makaa huyala sehemu tu. Kwa hiyo udongo uleule uliotiwa makaa utatoa tarakimu mbili mbalimbali, na hakuna aliyekosea kazi yake.

Liko jambo la tatu, nalo karibu linachekesha. Maabara hupata kiasi cha kaboni, kisha hukizidisha kwa 1.724 ili kupata mboji, kwa kudhani kwamba katika kila sehemu 100 za mboji, 58 ni kaboni. Kwa udongo wa kawaida hesabu hiyo hufaa kwa kukisia. Lakini chukua makaa mazuri yenye kaboni sehemu 70 katika 100. Zidisha. Utapata mboji sehemu 120 katika 100! Mfuko wa kilo mia hauwezi kutoa kilo mia na ishirini.

Basi anayetuuzia makaa aulizwe mambo mengine. Majivu ni kiasi gani? Kaboni yenyewe ni kiasi gani, bila kuzidishwa? Na hidrojeni ikilinganishwa na kaboni je? Kanuni za kimataifa za bayochaa zataka chembe za hidrojeni zisizidi 0.7 kwa kila chembe moja ya kaboni. Zikizidi, makaa hayakuiva. Tena kwetu sisi aulizwe habari ya chumvi na magadi. Huko Kakamega udongo una asidi, na majivu ni dawa yake. Udongo wa Bura una chumvi na magadi tangu zamani, hasa tabaka la chini, na makaa yenye majivu mengi huongeza ugonjwa uleule.

Jambo la majivu mkulima aweza kulipima mwenyewe. Twaa gramu 100 za chenga kavu, uzichome juu ya bati mahali pasipo upepo, ukizikoroga mpaka pasibaki weusi. Pima kilichosalia. Kikiwa gramu 30, karibu theluthi ya gunia lako ni majivu na mchanga. Kamulia ndimu juu ya majivu hayo. Yakitoa povu, magadi au chokaa imo.

Kisha usitie makaa makavu peke yake. Changanya na samadi ya bomani, lowesha, na uache majuma machache kivulini. Acha mstari mmoja wenye samadi tu, na mwingine usio na kitu, upate kulinganisha wakati wa mavuno.

Nao mabwana shamba wetu nawaomba waandike katika kila karatasi jina la njia iliyotumika, na kama shamba limekwisha kutiwa makaa. Sampuli ya kwanza ya udongo ichukuliwe kabla ya gunia kufunguliwa, ikaushwe kivulini, na itiwe katika mfuko safi wenye tarehe na namba ya shamba.