Kabla ya Kugusa Namba, Shika Spana

Wasee, leo naongea na wale wenye vi-CNC vidogo vya mezani. Na ndiyo, najua nitawaudhi wengine.

Mwezi uliopita nilipewa oda ya vibao 6 vya majina. Deposti imeingia, mbao nimenunua. Kibao cha kwanza, safi. Cha pili, herufi za mwisho zimesonga kando karibu milimita 2. Nikafanya kile sisi wote hufanya: nikafungua laptopu nikabadilisha namba. Setingi ya $100 kwa GRBL, kutoka 800 hadi 806. Kibao cha tatu kikatoka poa, nikajiona injinia. Cha nne na cha tano? Kuni.

Fundi wa welding jirani akapita, akaangalia, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, hiyo kitu umeishika na mkono?"

Sikuwa nimeishika. Kumbe skrubu ndogo za kapla, ile inaunganisha mota na skrubu ndefu ya mhimili wa X, zilikuwa zimelegea. Mota inazunguka, shafti inateleza kidogo kila biti ikikutana na mbao ngumu.

Maoni yangu ni haya: tunapenda kurekebisha namba kwa sababu haichafui mikono. Lakini hesabu haichakai. Mota yangu ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 16, skrubu inasogeza milimita 4. 200 mara 16, gawa kwa 4, ni 800. Ilikuwa 800 jana na itakuwa 800 kesho. Chuma ndicho hulegea.

Na mashine hizi hazina macho. Zinatuma hatua na kuamini zimefika. Kwa hivyo wewe ndiye macho.

Fanya hivi. Chora mstari wa maka kutoka kwa shafti hadi kwa kapla. Weka alama pale sifuri ilipo. Tuma mhimili milimita 100 uende na kurudi mara 20, halafu angalia.

Ikiwa haurudi sifuri na mstari umeachana, kaza kapla. Ikiwa haurudi lakini mstari uko sawa, mota inapoteza hatua: punguza spidi na aksileresheni, angalia kama draiva inachemka, kagua waya. Ikiwa kosa linatokea tu ukigeuza upande na haliongezeki, nati ina mchezo. Jaribio likipita hewani, rudia ukikata mbao ya kutupa, juu yangu iliteleza ikiwa na mzigo tu.

Sisemi namba hazina makosa kamwe. Ukiagiza 100 upate 98, ukiagiza 50 upate 49, na kila mara inarudi sifuri vizuri, hapo sawa, fungua laptopu. Lakini hiyo ni ya mwisho.

Ile 806 yangu haikurekebisha kitu. Ilificha shida kwa kibao kimoja, ikanikula mbao mbili na wikendi nzima. Mteja nilimpigia nikamwambia ukweli, akaningoja. Si wote watangoja.

Alenkii ni bei ya chai na mandazi. Anza hapo.