Kabla Hujauliza Bei, Uliza Ni Mkono wa Nani

Sema ukweli. Ukiona zulia jekundu mtandaoni, limeandikwa "mtindo wa Kiarmenia", na bei iko chini kuliko ya viatu ulivyovaa, unauliza nini kwanza? Wengi wetu tunauliza tu kama litafika kabla ya wikendi. Hatuulizi nani alilifuma, ama kama kuna mtu yeyote aliyelifuma.

Leo nataka tuongee kuhusu zawadi kutoka Armenia, nchi ndogo ya milima isiyo na bahari. Nimeichagua kwa sababu kule kitu cha mkono kimebeba mzigo mkubwa kuliko kupamba sebule.

Anza na zulia moja tu. Baada ya mauaji ya halaiki yaliyoanza mwaka wa 1915 chini ya utawala wa Ottoman, maelfu ya watoto wa Kiarmenia walibaki mayatima. Baadhi ya wasichana walitunzwa na shirika la msaada la Marekani katika mji wa Ghazir, Lebanon. Wasichana 400 kati yao walifuma zulia lenye mafundo zaidi ya milioni 4, na mwaka wa 1925 likapelekwa kwa Rais Calvin Coolidge kama shukrani. Gawanya sawa uone: kila msichana karibu mafundo 10,000, moja baada ya lingine, kwa vidole. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hiyo haihitaji digrii.

Sasa mtu akuambie kazi kama hiyo ni "bei ghali sana"? Manze, tulia kidogo.

Ukifika Yerevan, mji mkuu, soko la kutembelea ni Vernissage, karibu na Uwanja wa Jamhuri. Lilianza miaka ya 1980, wasanii wakileta michoro yao nje kuuza. Leo utapata mazulia, vito vya fedha, komamanga za mbao na za udongo, lesi ya sindano, mawe meusi ya volkano yanayong'aa kama kioo, na duduk, ile zumari ya mti wa aprikoti ambayo muziki wake UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi mwaka wa 2008. Wikendi ndio soko hujaa. Lakini soko ni soko. Kando ya fundi aliyekaa na kazi yake kuna mchuuzi wa vitu vya mashine, na wote wawili watakuambia "hii ni ya mkono".

Utajuaje? Geuza zulia. Lililofumwa kwa mkono linaonyesha mafundo yake upande wa nyuma, na ua unaloliona mbele utaliona nyuma pia, karibu wazi vilevile. Angalia matamvua. Kwenye zulia halisi, matamvua ni nyuzi za mtande zenyewe zilizotokeza mwishoni. Ukiona yameshonewa juu kama lesi ya kitambaa cha meza, jihadhari. Duduk nayo usinunue kwa macho. Mwambie muuzaji aipulize. Ile iliyotengenezwa kuwa pambo tu itajisema yenyewe. Kama unanunua mtandaoni, omba picha ya nyuma ya zulia, uliza jina la fundi na mji anakofanyia kazi. Fundi wa kweli hachoki kueleza kazi yake. Anayekwepa maswali matatu rahisi amekujibu tayari.

Na kama unataka zulia la zamani, uliza kuhusu karatasi. Armenia hairuhusu vitu vya kale vya urithi kutolewa nchini bila kibali cha serikali. Usingoje kujua hayo ukiwa uwanja wa ndege na begi mkononi.

Najua utasema: doh iko wapi? Ni swali la haki. Lakini hakuna aliyesema lazima ununue zulia. Komamanga ndogo ya udongo, ambayo kwao ni ishara ya baraka na uzazi, inatosha mezani. Kitambaa kidogo cha lesi kinatosha kwa mama. Heri kitu kidogo cha kweli kuliko kikubwa cha uongo, kwa sababu kile kidogo kimemlipa mtu, na kile kikubwa kimemlipa aliyeiba ua la mtu.

Kupatana bei pia si dhambi. Pale Maasai Market sisi wenyewe tunajua mchezo wa kujifanya tunaondoka ili tuitwe. Ila kuna tofauti kati ya kupatana na kukamua. Mchuuzi wa vitu vya kiwandani akipunguza, anapunguza faida. Mfumaji akipunguza, anapunguza siku zake za kazi, na siku haziagizwi tena kwa kontena. Akishindwa, anaacha. Akiacha, binti yake hajifunzi.

Hilo si jambo la kufikirika. Septemba 2023 zaidi ya watu 100,000 walikimbia Nagorno-Karabakh na kuingia Armenia. Mtu akikimbia hivyo anaacha nyumba, shamba na kitanda cha kufumia. Kinachovuka mpaka naye ni ujuzi wa vidole. Ujuzi huo ukipata mnunuzi, kuna meza yenye chakula. Ukikosa, unabaki hadithi ya nyanya.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na uko huru kubishana: usinunue zawadi ya "utamaduni" ambayo muuzaji hawezi kukuambia imetoka mkono wa nani. Iwe ya Armenia, iwe ya kwetu. Kama pesa haitoshi leo, ngoja, weka akiba, ama nunua kidogo. Na ukishanunua, ukimpa rafiki, mwambie pia kitu hicho kilitengenezwa wapi na vipi. Hiyo habari ni nusu ya zawadi, na haitozwi ada ya usafirishaji.